Mahindi ya Njano

Ndugu msomaji, chakula ninachokusudia kukisimulia hapa kina jina ambalo siwezi kuliandika kwa tahajia yetu. Wamexico hukiita taco. Kila ajuaye Kiswahili, akilitamka polepole, atafahamu kwa nini nimeliacha katika herufi zake za kigeni. Nilipofika San Antonio, Texas, mwaka 2023 kumtembelea binti yangu, mjukuu wangu wa kiume wa miaka sita alinipokea mlangoni akanitangazia kwamba Alhamisi tutakila chakula hicho, na jina lake akalitia katika wingi kwa kanuni za ngeli alizofundishwa na mama yake. Mimi niliyefundisha sarufi kwa miaka karibu arobaini nilicheka hata nikatafuta kiti cha kukalia.

Kumbe Alhamisi hiyo nilikuwa nimeandaliwa mtihani. Binti yangu ni muuguzi, na zamu zake ni za saa kumi na mbili. Mumewe huendesha lori la masafa marefu na wiki ile hakuwapo. Saa kumi jioni simu ikalia: mwenzake hospitalini ameugua, hivyo atachelewa kurudi. "Baba, msinisubiri. Agizeni chakula kwa simu," akasema. Mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mmoja, akanitazama. "Babu, kwa nini tuagize? Ni rahisi. Tutapika wenyewe."

Nilikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkufunzi, na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu. Nimepitisha bajeti za magunia ya unga na maharage kwa mamia ya wanachuo. Lakini kupika chakula cha jioni cha familia, kwa mikono yangu, sikuwa nimepata kufanya hata siku moja. Mke wangu alikuwa hai hadi mwaka 2019, na baada yake alikuwapo msichana wa kazi. Nikavaa aproni ya maua ya binti yangu, nikawa mwanafunzi.

Chakula chenyewe si taco halisi ile ikunjwayo mkononi. Ni cha kuokwa. Vyote vinavyotiwa katika taco hupangwa kwa tabaka ndani ya bakuli la kioo, kisha bakuli likaingizwa katika oveni. Waamerika hukiita kaserole, neno walilolichukua kwa Wafaransa, ambao kwao maana yake ni sufuria tu. Mwalimu wangu alinitajia mahitaji naye ameshika kiuno: nusu kilo ya nyama ya kusaga, kitunguu kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, mkebe wa nyanya, mkebe wa maharage, vijiko viwili vya unga wa pilipili na kimoja cha bizari nyembamba, jibini iliyoparuzwa vikombe viwili, na mfuko wa chipsi za mahindi.

Tukakaanga nyama mpaka ikaiva na kukauka maji. Tukatia kitunguu, viungo, nyanya na maharage, tukaacha vichemke dakika kumi. Ile bizari ilipopata moto, jiko zima likanuka pilau, nami nikajihisi niko Kondoa kwenye Idi ya jirani zetu. Kisha mjukuu akapasua ule mfuko wa chipsi, akamimina nusu yake chini ya bakuli, akazivunjavunja kwa kiganja. Nikaziona rangi zake. Zilikuwa za njano.

Hapo mkono wangu ukasita. Ili msomaji aelewe ni kwa nini, sina budi kumrudisha nyuma, kwanza miaka hamsini, kisha miaka elfu tisa.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia. Mvua ziligoma msimu wa 1973 na zikagoma tena msimu uliofuata. Watu wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, mashamba yao ya zamani wameyaacha mbali. Serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, nasi walimu tulilima na watoto hata kwenye viwanja vya shule. Wakati huohuo ilibidi nchi inunue na kuomba nafaka ng'ambo. Hapo ndipo ulipoingia unga wa njano kutoka Marekani. Wananchi, kwa utani wao, waliuita yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi za klabu ile ya Dar es Salaam. Wapenzi wa Simba walisema wanalishwa kwa adhabu.

Unga ule tuliudharau sana. Tulisema ni chakula cha nguruwe na kuku wa Wazungu. Tulisema unanuka. Jioni moja mke wangu aliniletea ugali wa yanga na mlenda. Mama yake alikuwa amekuja kututazama. Kwa mila zetu mkwe hali pamoja na mkwewe, kwa hiyo yeye alikuwa jikoni, lakini kuta za nyumba ya mwalimu zilikuwa nyembamba. Niliutazama ule ugali, nikausukuma mbele kwa vidole viwili. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi si kuku." Mke wangu alikuwa ameamka saa tisa za usiku kwenda kupanga foleni kwenye duka la ushirika, akarudi jua limepanda akiwa na kilo mbili. Hakunijibu. Aliondoa sahani, akafunika kawa, akatoka.

Hatukulizungumza jambo lile tena. Tuliishi pamoja miaka arobaini na mitano zaidi, tukalea watoto wanne, na sikuwahi kumwomba radhi. Kila mwaka ulipopita niliona limekwisha kuwa dogo mno la kurudiwa. Alipofariki ndipo likawa kubwa.

Baada ya kustaafu nilijipatia nafasi ya kusoma historia bila kuandaa masomo, na nilichokisoma juu ya mahindi kilinifedhehesha kidogo. Mmea huu ulitokana na nyasi ya mwituni ya kusini-magharibi mwa Mexico, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka elfu tisa iliyopita. Nyasi hiyo, teosinte, ina punje chache ngumu zisizotosha hata kujaza kiganja. Wakulima wasiojulikana majina yao walichagua mbegu, msimu baada ya msimu, mpaka likapatikana gunzi. Leo mahindi hayawezi hata kujipanda yenyewe bila mkono wa mtu.

Lakini ugunduzi ninaoustaajabia zaidi ni wa jikoni. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, wapishi wa Mexico na nchi jirani walikuwa wakichemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu, wakayaloweka usiku kucha, wakayaosha na kuyasaga yakiwa mabichi. Mahindi yaliyotayarishwa hivyo kwa lugha ya Nahuatl huitwa nixtamalli. Ganda hulainika, na donge hushikamana hata likaweza kutandazwa kuwa mkate mwembamba, ambao Wahispania waliuita tortila. Tena, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza kwa sayansi hadi karne ya 20, chokaa huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje ili mwili uweze kuitumia.

Wahispania wakiongozwa na Hernán Cortés walifika Mexico mwaka 1519. Waliichukua mbegu ya mahindi wakaitawanya duniani, lakini maarifa ya chokaa hawakuyachukua, maana yalikuwa mikononi mwa wanawake waliopiga magoti mbele ya mawe ya kusagia, na nani aliwauliza? Matokeo yake yaliwapata maskini. Popote ambapo watu walikula mahindi matupu bila kitoweo cha maana, palitokea ugonjwa wa pelagra: ngozi huchubuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho ni kifo. Ulionekana Hispania na Italia katika karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua maelfu ya watu kusini mwa Marekani, weusi na weupe waliokuwa wakiishi kwa unga wa mahindi, sharubati ya miwa na mafuta ya nguruwe. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuuchunguza. Alionyesha kuwa si ugonjwa wa kuambukiza bali wa chakula duni, na wakubwa wengi wa kusini walimchukia kwa kusema hivyo. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa tiba mwaka 1937. Hata mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi walipatwa na pelagra kwa maelfu pale karanga zilipokosekana katika mgao wao wa mahindi.

Kwetu sisi, mahindi yalifika na Wareno waliokuja pwani baada ya Vasco da Gama kupita mwaka 1498. Jina tulilolipa lina ushahidi wa mkanganyiko wa wenyeji: tulidhani ni kitu cha Hindi. Pamoja nayo yalikuja, kwa nyakati mbalimbali, maharage, nyanya, mihogo na pilipili za kuwasha, vyote asili yake Amerika. Msomaji anayejivunia ugali na maharage kuwa chakula cha mababu hana makosa, ila mababu hao wa mwanzo walikuwa Mexico.

Na weupe wa ugali je, tuliupata wapi? Hapa ndipo niliposoma na kuweka kitabu chini. Mahindi ya zamani barani Afrika yalikuwa ya rangi nyingi: njano, nyekundu, zambarau. Walowezi wa Kenya na Rhodesia ya Kusini, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walipanda meupe kwa ajili ya soko la Uingereza, ambako viwanda vya wanga vilitaka meupe yasiyochanganyika. Gunia lenye mchanganyiko lilishushwa daraja. Mkulima Mwafrika akajifunza kuwa nyeupe ndiyo bora, mkewe akajifunza, na mwanawe akajifunza. Mwaka 1974 mwalimu mmoja kijana, aliyejiona mzalendo, alisukuma sahani kwa kanuni iliyowekwa na wafanyabiashara wa wanga wa ng'ambo. Aidha, njano ile niliyoidharau ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho. Meupe hayana kitu cha kutajika upande huo.

Dharau ya chakula, nimegundua, huwa na historia ndefu kuliko chakula chenyewe. Mwaka 1899 msomi wa Mexico Francisco Bulnes aliandika kitabu akiwagawa wanadamu kuwa wa ngano, wa mchele na wa mahindi, akadai kuwa mahindi ndiyo yaliyowadumaza watu wa kwao. Huyo alikuwa mwana wa nchi iliyoyazaa mahindi. Katika mji huu wa San Antonio, uliokuwa chini ya Mexico hadi Texas ilipojitenga mwaka 1836, wanawake wa Kimexico waliuza kwenye viwanja vya wazi nyama ya kuchemshwa kwa pilipili. Wageni waliotoka mbali kuja kuwaona waliwaita malkia wa pilipili. Kisha, katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, mji uliwaondoa viwanjani kwa hoja ya usafi.

Watu wakafukuzwa, chakula kikabaki, maana wengine walikuwa wamekwisha kukitia katika mikebe na mifuko. Mhamiaji wa Kijerumani, William Gebhardt, katika mji wa New Braunfels ulio karibu, alianza miaka ya 1890 kusaga pilipili kavu pamoja na viungo na kuiuza kwenye chupa. Mwaka 1932, hapahapa San Antonio, Charles Elmer Doolin alinunua kwa Mmexico mmoja ufundi wa kukaanga vipande vya donge la mahindi, akaanzisha Fritos. Mwaka 1950 Juvencio Maldonado, Mmexico mwenye mgahawa New York, alipata hataza ya kifaa cha kukaangia tortila zikauke zikiwa zimekunjwa. Mwaka 1962 Glen Bell alifungua Taco Bell ya kwanza huko Downey, California. Waamerika wa kila rangi wakazoea ladha hiyo.

Upande wa kaserole nao ulikuwa na historia yake. Bakuli la kioo lisilopasuka kwa moto, Pyrex, liliingia madukani Marekani mwaka 1915. Mwaka uliofuata James Kraft alipata hataza ya jibini ya kusindikwa isiyoharibika upesi. Supu za mikebe zilizopunguzwa maji zilikuwapo tangu 1897. Mama wa Kiamerika aliyerudi kazini jioni aliweza kupanga vyote hivyo katika chombo kimoja, akakitia motoni, akavua viatu. Siku moja mmoja wao, hajulikani nani, alivunja chipsi za mahindi chini ya bakuli badala ya tambi. Ndicho chakula nilichokuwa nikikipika.

"Babu, umelala?" mjukuu akaniuliza. Nikamwambia la, ninafikiri. "Basi fikiri huku ukimimina." Nikamimina nyama juu ya chipsi, nikanyunyiza jibini, nikapanga tabaka la pili la chipsi, la nyama, na la jibini. Tukaingiza katika oveni yenye joto la nyuzi 180 kwa dakika ishirini na tano, hadi jibini ikatokota na kushika wekundu pembeni. Juu yake tukakata saladi mbichi, nyanya na parachichi. Parachichi pia ni la Mexico.

Watoto walikula, wakaniongezea sifa ambazo nusu yake zilikuwa za mjukuu mkubwa. Yule mdogo alichagua maharage yote akayapanga ukingoni mwa sahani. Nikakaribia kumgombeza, nikakumbuka kuwa sina haki hiyo, nikanyamaza.

Binti yangu aliingia saa tatu na nusu usiku, viatu mkononi. Watoto walikuwa wamelala. Nilimpashia sahani yake, nikamwekea mezani, nikaketi mbele yake. "Shikamoo Baba. Nani amepika?" Nikamwambia. Akaweka uma chini, akanitazama kana kwamba ninaumwa. Kisha akala bila kusema neno, na akaongeza.

Sijui ni uchovu wake au aproni niliyosahau kuivua. Nikajikuta nikimsimulia habari ya yanga, tangu foleni ya saa tisa usiku hadi vidole viwili. Nilikuwa sijapata kumweleza mtu yeyote. Nilipofika kwenye "Mimi si kuku", akaanza kucheka. Nikaudhika. Nikamwambia hili si la kuchekwa.

"Baba, nisamehe," akasema. "Hiyo Mama alitusimulia sisi wasichana zaidi ya mara kumi. Alisema ule ugali waliumaliza yeye na Bibi jikoni, na usiku walikuwa wanaisikia njaa yako ikinguruma kupitia ukuta. Walicheka mpaka Bibi akamwambia, nyamaza, tutamwamsha jogoo."

Nikanyamaza kwa muda. Nikamwuliza, "Hakuwa na uchungu?"

Akafikiri. Binti huyu hanidanganyi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake. "Alikuwa nao," akasema. "Alisema foleni ile ilimtoa machozi kabla hata hajafika nyumbani, maana alijua hutakula. Lakini alisema pia ulikuwa unaona haya mbele ya Bibi kwamba huwezi kumlisha chakula kizuri. Alisema, baba yenu aliposhindwa kusema naona haya, alisema mimi si kuku."

Nilikaa mezani pale hata baada ya yeye kwenda kulala. Nilikuwa nimebeba kosa moja kwa miaka arobaini na tisa, na kumbe mwenzangu alikuwa amelichambua, akalitenga pumba na punje, akawagawia wanawe. Mimi niliyesomea ualimu sikulielewa somo. Yeye aliyelipokea kofi lake ndiye aliyelifundisha. Nilifarijika, sikatai. Lakini faraja haikuwa msamaha kamili, kwa kuwa msamaha huombwa, nami sikuuomba wakati mwenye kuutoa alikuwa akiniwekea sahani kila siku. Ndugu msomaji, ukiwa na neno la namna hiyo, usingoje liwe dogo.

Nilirejea Dodoma mwezi wa Novemba. Siku ya tatu nilikwenda sokoni kutafuta mahindi ya njano. Sikuyapata kwa wauza nafaka. Nikaelekezwa kwa kijana auzaye vyakula vya mifugo. Nikanunua kilo mbili, nikayachagua na kuyapepeta mwenyewe, nikayapeleka mashineni. Msagishaji alinisalimu kwa heshima, akatazama mfuko wangu, akauliza, "Mzee, unafuga kuku wangapi?"

"Mmoja tu," nikamjibu. "Jogoo mzee."

Jioni nilimwambia msichana wa kazi apumzike. Nikainjika sufuria, nikasonga ugali, nao ukatoka na madonge mawili matatu kwa sababu ya mkono usiozoea. Nikapika mlenda. Nikaketi mahali pangu pa siku zote, nikanawa, nikala ule ugali wa njano mpaka sahani ikabaki nyeupe. Haukuwa na kasoro yoyote.